Skrubu Zote Zipo

Wateja wake walikuwa wameshasahau jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Fundi Kesho, naye aliitika bila kinyongo. Ukienda karakana yake kuulizia kabati lako, alikupokea kwa tabasamu pana, akakufutia vumbi benchini ukae, kisha akakuonyesha kabati lenyewe limesimama pembeni, zuri kwelikweli, limepigwa msasa mpaka unatamani kuliegemezea shavu. Ila halina milango. Milango lini? Kesho. Ukirudi, ungekuta milango ipo na droo hazipo. Wala hakuwa mwongo. Mwongo anajua kwamba anachokisema si kweli, lakini Kesho aliliamini kila neno lililomtoka mdomoni. Tatizo lake ni kwamba kazi ikishafika pale ambapo macho yanaona itakavyokuwa, hamu ilimwisha, na mkono ukaanza kupapasa ubao mwingine.

Ugonjwa huo ulimfuata mpaka nyumbani. Mlango wa jikoni kwake ulining'inia kwa skrubu mbili tu tangu siku walipohamia. Mkewe alijifunza kuufungua kwa kuunyanyua kidogo na goti, watoto nao wakajifunza kwa mama yao, na waliobanwa vidole ni wageni. Mkewe alikuwa mshonaji, na katika maisha yake yote hajawahi kumkabidhi mtu gauni lisilo na pindo. Unaweza kujiuliza walikutanaje. Walikutana kwa sababu Kesho alipokuwa anaanza jambo hakuna aliyempita kwa uzuri, na uchumba ni jambo la kuanza.

Kilichowaharibia ni kitanda cha mama mkwe. Siku ya posa, mbele ya ukoo mzima, Kesho alisimama akaahidi kwamba yule mama, aliyekuwa akilala juu ya kitanda kilichoinuliwa kwa matofali upande mmoja, atalala kwenye kitanda cha mvule kilichotengenezwa na mkwewe mwenyewe. Watu walipiga makofi. Watoto wakazaliwa, wakakua, wakaanza shule, na mama wa watu bado yuko juu ya matofali. Hakulalamika hata siku moja, na afadhali angelalamika. Kila Kesho alipokwenda kumsalimia, bibi yule alimshika mikono yote miwili, akafumba macho, akaanza kumwombea. Aliombea mikono, akaombea vifaa, akaombea wateja na afya ya wateja. Dua yake ilikuwa ndefu kiasi kwamba Kesho hakuwahi kuifikia amina. Katikati ya dua alikumbuka gundi aliyoiacha motoni, akaomba radhi kwa adabu zote, akaondoka zake.

Basi asubuhi moja matofali yaliteleza. Mama mkwe alianguka na kitanda chake, akaumia nyonga. Mkewe Kesho hakupiga kelele. Alikunja nguo zake na za watoto, akazitia kwenye begi, akasema anakwenda kumuuguza mama yake, na atarudi siku mama yake atakapopata kitanda. "Usinipe kesho," alimwambia. "Nipe kitanda." Akaunyanyua mlango kwa goti, akatoka.

Nyumba ikawa kimya mpaka Kesho akaanza kuusikia mlango wa jikoni ukigongagonga wenyewe kwa upepo. Hapo ndipo alipoogopa kweli. Wateja wakikasirika huweza kutulizwa, lakini mkewe hakuwa amekasirika. Alikuwa amechoka, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Mbao ngumu zilikuwa kwa mtu mmoja tu mtaani, Mzee Mbao, mwenye ghala nyuma ya barabara kuu. Na Mzee Mbao alikuwa ameapa kutomuuzia Kesho hata kibanzi mpaka meza yake ya dukani ipate mguu wa nne. Meza yenyewe ilikuwa imesimama karakanani kwa miguu mitatu, imeegemezwa ukutani kama mlevi. Mtu mwenye akili timamu angekaa chini akachonga ule mguu, akapeleka meza, akanunua mbao, mambo yakaisha. Kesho aliiona njia hiyo, akaiona ni ndefu mno. Afadhali kuiba.

Wazo lenyewe, tuseme haki, halikuwa lake. Lilikuwa la shemeji yake, mdogo wa kiume wa mkewe, ambaye dunia nzima ilimwita Mipango. Huyu alikuwa na mpango wa kufuga kuku, mpango wa kuuza barafu na mpango wa kufungua shule ya udereva ilhali yeye mwenyewe hajui kuendesha. Mpango huu wa sasa aliuleta akiwa na furaha kama mtu aliyeokota pete. Mzee Mbao, alisema, hufunga ghala saa ya mchana, huenda nyumbani kula, kisha hulala kidogo. Uchochoro wa nyuma haupiti mtu saa ile ya jua kali. Na kufuli lake, ambalo Mzee Mbao huringa nalo kwa ukubwa, lipo upande mmoja wa mlango tu.

"Bawaba ziko nje, shemeji," Mipango alisema. "Kufuli tuliache lilinde upande wake."

Kesho akacheka, na alipocheka akawa ameshakubali. Wakapanga siku. Mipango akaenda kuazima mkokoteni.

Siku yenyewe jua lilikuwa la utosi. Mipango aliusogeza mkokoteni kwenye kivuli cha ukuta, akatangaza kwamba yeye ndiye mlinzi, akapanda ndani, akajilaza chali na kofia usoni. Haukupita muda akawa anakoroma. Kesho akachutama mbele ya mlango na bisibisi yake, akaanza na bawaba ya chini.

Mlango ule ulimchefua tangu alipougusa. Ulikuwa umeinama, unakwangua sakafu, na nusu ya skrubu hazikuwepo. Zilizokuwepo zililegea kwenye matundu. Fundi aliyeufunga hana haya, aliwaza, kisha akaukumbuka mlango wa jikoni kwake, akaacha kuwaza. Skrubu za bawaba ya chini zikatoka zote. Mlango ukasogea, ufa mdogo ukafunguka, na harufu ya mvule mkavu ikamjia usoni.

Na hapo akakiona kitanda. Alikiona kama alivyoviona vitu vyote kabla ya kuvitengeneza, kizima, na miguu yake minne, na ubao wa kichwani uliopinda taratibu. Kwa kawaida hapo ndipo hamu humwisha. Lakini safari hii kitanda hakikuwa kitupu. Mama mkwe alikuwa ameketi juu yake, nyonga yake imepona, amefumba macho, anamwomba Mungu aibariki mikono iliyomtengenezea mahali pa kulala. Kesho akaitazama mikono yenyewe. Mmoja ulikuwa umeshika bisibisi, mwingine umeshika mlango wa mtu. Aliona haya mpaka masikio yakamchemka. Hakukuwa na mtu uchochoroni. Hata paka hakupita. Aliona haya peke yake, na ilitosha.

Sasa mtu mwingine angesimama, akamwamsha shemeji yake, wakakimbia. Kesho hakuweza kuuacha mlango ukining'inia vile, maana mwenyewe angekuja kuuvuta ukamwangukia. Akazirudisha skrubu. Matundu yaliyokuwa wazi akayajaza kwa skrubu za mfukoni mwake. Akachonga kipande chembamba cha ubao, akakipachika nyuma ya bawaba ili mlango uinuke. Akahamia bawaba ya juu, akaifanyia hivyo hivyo ingawa hakuwa ameigusa kabla. Akapaka nta kwenye vichwa vya skrubu visishike kutu. Jasho lilimtiririka. Alipomaliza alirudi nyuma kidogo, akautazama, akahisi kitu kifuani ambacho hakukijua jina lake, kwa sababu hakuwa amekizoea.

Akamtikisa Mipango. Mipango akauliza mbao ziko wapi. Kesho akamjibu ziko ndani, na zitabaki ndani. Mipango alinung'unika njia nzima kwamba ameazima mkokoteni bure.

Mambo yangeishia hapo, kama si tabia ya Mzee Mbao ya kuufungua mlango wake. Kwa miaka mingi alikuwa akitoa kufuli, kisha anaukamata mlango kwa mikono miwili, anakanyagia mguu ukutani na kuuvuta kwa nguvu zake zote. Alasiri ile alifanya kama kawaida yake. Mlango ukaja kama pazia. Mzee wa watu akaenda nao, akakaa chini kwa kishindo, na alipopata pumzi akaanza kucheka. Akaufunga, akaufungua, akaufunga tena. Kisha akaenda kibanda cha chai kuuliza ni nani aliyemtendea wema ule bila hata kumwambia, maana anataka kumshukuru.

Kibandani watu wakaanza kutajataja mafundi. Mmoja akasema kazi safi namna ile lazima ni ya yule fundi wa ng'ambo ya barabara. Mipango alikuwa ameketi pale na kikombe chake. Alivumilia kidogo, kisha heshima ya ukoo ikamshinda.

"Ni shemeji yangu," alisema. "Nilikuwepo mwenyewe."

Mzee Mbao akafurahi, akaagiza Mipango aongezewe chai, akaondoka akitikisa kichwa kwa mshangao. Alifika barabarani, akasimama. Akarudi pole pole. Akamuuliza Mipango, kwa upole kabisa, walikuja kuutengeneza saa ngapi. Mipango akajibu kwamba ni pale mzee alipokwenda kula. Na ule mkokoteni alioonekana nao ulikuwa wa nini? Mipango akafungua mdomo, akaufunga, akanywa chai yote kwa mkupuo mmoja. Jioni haikufika, askari walikuwa mlangoni kwa Kesho, nao wakabanwa vidole na mlango wa jikoni.

Kesho alishangaa kwa dhati. Hajachukua kitu, alisema, hata vumbi. Askari mpelelezi, mtu mnene mwenye subira, alimweleza kwamba hakuna anayesema amechukua kitu. Wizi una kifungu chake, na kujaribu kuna kifungu chake, na kukaa wawili mkakubaliana kutenda kosa kuna kifungu chake pia. "Sheria haingoji umalize," alisema. Kwa Kesho hilo lilikuwa geni kabisa. Maisha yake yote watu walimlaumu kwa kutomaliza. Hajawahi kukutana na mtu wa kumlaumu kwa kuanza.

Mipango naye akaharibu zaidi. Katika maelezo yake polisi aliona aibu kusema kwamba shemeji yake alighairi tu, katikati ya kazi, bila sababu ya kiume. Akasema waliacha kwa kuwa walisikia mtu anakohoa uchochoroni. Hadithi hiyo ilikuwa na ladha zaidi. Askari akaandika kikohozi.

Mkewe alikuja kumtazama mahabusu kabla hajapata dhamana. Alileta chakula, akakipitisha, akasimama na mikono imekunjwa. Alikuwa na swali moja tu.

"Uliacha mwenyewe, au ulikurupushwa?"

"Niliacha mwenyewe."

"Kwa nini?"

Kesho akatazama sakafu. Angewezaje kumwambia? Angesema alimwona mama, na mama angejua kwamba kitanda chake ndicho kilichompeleka mkwewe kwenye mlango wa watu, na kama anavyomfahamu, mama yule asingelala tena kwenye kitanda chochote mpaka kufa kwake. Mkewe akangoja, na alipochoka kungoja alisema maneno ambayo Kesho aliyabeba kifuani mpaka siku ya kesi.

"Nimeishi na kuacha kwako tangu unioe. Uliacha kabati la mwalimu, ukaacha mlango wangu, ukaacha kitanda cha mama. Sasa unaniambia umeacha na wizi. Nitajuaje kama hili ni tofauti?"

Jela ilimtisha, naam, nani asiyetishwa na jela. Lakini alipolala usiku lililomgeuza upande huu na huu ni lile swali.

Wakili aliyejitolea kumtetea alikuwa mteja wake, mwenye rafu ya vitabu iliyokosa vibao vya katikati. Alimtetea kwa moyo wote, kwa sababu Kesho akifungwa rafu ndiyo basi tena. Mbinu yake ilikuwa rahisi, nayo aliipenda sana. Angewaita wateja mahakamani, mmoja baada ya mwingine, wathibitishe kwamba mtu huyu hana uwezo wa kumaliza jambo lolote, na kwamba hata angeachwa peke yake na lile ghala mwezi mzima asingetoka na ubao. Kesho wewe nyamaza tu, alimwambia, sifa zako zitakusemea.

Na kweli zilisema. Chumba cha mahakama kilijaa. Mwalimu alisimulia habari ya kabati. Nesi alisimulia kitanda cha mtoto kilichoagizwa mimba ikiwa changa, na mtoto sasa anajifunga viatu mwenyewe. Mzee Mbao mwenyewe, ambaye alikuwa shahidi wa upande wa pili, aliulizwa habari za meza akajikuta anasimulia kwa uchungu wa kweli. Watu walicheka, karani akacheka, askari wa mlangoni akageukia ukuta. Kesho alisimama kizimbani akitazama chini. Kijimlango cha kizimba kilikuwa kimelegea, kimeshikwa na skrubu moja, na kila alipokiegemea kililia. Safu ya mbele walikaa mkewe na mama mkwe aliyekuja na mkongojo. Hao wawili hawakucheka.

Hakimu alikuwa mama mtu mzima, mwenye miwani aliyoishusha puani kila alipotaka kusema jambo la maana. Akaishusha.

"Wakili," alisema, "mashahidi wako wamenithibitishia kwamba mshtakiwa ni mvivu. Mimi sikuulizwa hilo. Mtu akiwaza wizi kichwani mwake, hilo ni lake na Mungu wake. Akikubaliana na mwenzake, akachukua bisibisi, akafungua skrubu, ameshatoka kwenye kuwaza. Kosa limezaliwa, hata kama halikukua. Kinachonisumbua ni adhabu, na adhabu inategemea kitu kimoja. Ni nani aliyemsimamisha? Kama ni kikohozi, basi bila hicho leo angekuwa na mbao. Kama ni yeye mwenyewe, nataka kujua."

Wakili akamkonyeza Kesho anyamaze. Kesho akamtazama wakili, akamtazama mkewe, akashika kile kijimlango kisilie.

"Mheshimiwa, wote hao wamesema kweli," alisema. "Kila kitu nilichokiacha, nilikiacha kwa uvivu. Lakini mlango ule sikuuacha kwa uvivu, wala hakuna aliyekohoa." "Mbao zilikuwa za kitanda cha mama mkwe wangu. Nilipofungua nikamwona ameketi juu ya kitanda hicho, ananiombea. Nikashindwa. Nisamehe, mama. Sikutaka ujue."

Hakuna aliyecheka. Mama mkwe aliinamisha uso kwenye mkongojo wake. Mkewe hakusogea, lakini mikono yake iliyokuwa imekunjwa ilifunguka.

Mwendesha mashtaka akasimama, naye alikuwa na haki yake. Ni hadithi nzuri, alisema, inaliza, lakini kila mwizi aliyekamatwa ana hadithi nzuri, na maelezo ya mshirika wake yanasema kikohozi. Mipango, aliyeshtakiwa pamoja naye, alipoulizwa alijaribu kukitetea kikohozi chake. Kilitokea upande gani? Kulia. Kulia mwa nini? Mwa mkokoteni. Yeye alikuwa wapi? Ndani ya mkokoteni. Akifanya nini? Mipango akamtazama dada yake, na dada yake akamtazama vile alivyokuwa akimtazama tangu utoto. Akasema alikuwa amelala.

Hakimu akavua miwani kabisa. Akasema mahakama itakwenda kuuona huo mlango.

Wakaenda wote, kwa miguu, maana si mbali: hakimu, karani, mawakili, askari, washtakiwa, na nyuma yao msafara wa wateja ambao hawakuwa tayari kupitwa. Uchochoro haukuwahi kuona umati kama ule. Hakimu alimuuliza Mzee Mbao mlango ulikuwaje zamani. Mzee akaonyesha alama ya mguu wake ukutani, pale alipokuwa akikanyagia, na mkwaruzo sakafuni. Hakimu akauvuta mlango kwa kidole kimoja. Ukaja. Akainama kwenye bawaba ya chini, akaitazama kwa muda, kisha ya juu. Akauliza kama kuna mtu hapa anayeijua kazi ya mshtakiwa kwa karibu, na wateja wote wakasogea kwa pamoja.

Lakini mkewe alikuwa ameshafika. Hakuomba ruhusa, na hakuna aliyemzuia. Alipitisha kidole juu ya bawaba, taratibu, kama anavyopitisha kwenye mshono kuutafuta uzi ulioruka. Akagusa kichwa cha kila skrubu. Akaigusa ile nta. Kisha akaondoa mkono, akabaki amesimama amewapa watu mgongo.

"Skrubu zote zipo," alisema. "Zote."

Mwalimu akaja kutazama, akathibitisha. Nesi naye akaja. Wakili alitazama kwa muda mrefu kuliko wote, akiwazia rafu yake. Hakimu akamgeukia mwendesha mashtaka, akasema kwamba mtu aliyeshtuliwa na kikohozi hukimbia. Huyu alibaki kwenye jua kali, akaongeza skrubu zake mwenyewe, akaifanyia kazi na bawaba ambayo hakuwa ameifungua. Akasema hajawahi kuona mtu akiondoka mahali pa wizi bila haraka kiasi hiki. Mwendesha mashtaka akainama naye, akatazama, na kwa uungwana akasema hana swali lingine.

Hukumu ilisomwa baadaye, na walikutwa na hatia wote wawili. Hakimu alisisitiza hilo ili asiwepo wa kutoka pale akidhani kwamba kughairi kunafuta. Walikubaliana kuiba, na skrubu zilifunguliwa. Lakini aliyegeuka peke yake, bila kusukumwa, sheria inaweza kumtazama kwa jicho jingine. Kesho akapewa kifungo cha nje, na kazi ya kurekebisha milango na mabenchi ya mahakama, akianza na kizimba alichosimama. Mipango akapewa kufagia uwanja wa mahakama kwa muda huo huo. Alijitetea kwamba kama kupanga ni kosa, yeye angefungwa tangu utoto wake. Hakimu akamjibu kwamba apange vyovyote atakavyo, mradi apange peke yake.

Siku iliyofuata Kesho alikaa karakanani, akachonga mguu wa nne wa meza. Haikumchukua hata asubuhi nzima, na hilo lilimuudhi sana. Akaipeleka. Mzee Mbao akaitikisa, akaikalia, akaitikisa tena, kisha akafungua ghala kwa kidole kimoja na kumwambia achague mbao.

Kitanda kikatengenezwa. Kuna siku hamu ilimwisha, kama kawaida, pale ubao wa kichwani ulipokaa sawa na yeye akaona jinsi kitakavyokuwa. Mkono ukaanza kupapasa. Akaukemea kwa sauti, peke yake, akaendelea kupiga msasa upande wa chini usioonekana na mtu.

Alikipeleka mwenyewe kwa mkokoteni, Mipango akisukuma nyuma. Mama mkwe alisaidiwa kuketi, akajisogeza katikati, akabonyeza hapa na pale. Kisha akaikamata mikono ya mkwewe, yote miwili, akafumba macho. Aliombea mikono. Akaombea vifaa. Akaombea wateja na afya ya wateja, akamwombea hakimu, akaiombea miwani ya hakimu, akaombea mlango wa Mzee Mbao udumu. Kesho alikumbuka gundi. Alikumbuka pia kwamba nje kuna mkokoteni wa watu, na kwamba jua linazama. Akatulia pale pale, magoti yakiuma, mpaka bibi akafika mwisho. Na Kesho akaisikia amina kwa mara ya kwanza, akaiitikia.

Alipofumbua macho, mkewe alikuwa amesimama mlangoni na begi mkononi, watoto wameshavaa viatu.

"Twende," alisema. "Ila ule mlango wa jikoni una skrubu mbili."

Mdomo wa Kesho ulijifungua wenyewe, neno likiwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Mkewe alingoja alisikie, watoto wakangoja, hata mama mkwe kitandani akangoja. Kesho akaufunga mdomo. Akapapasa mfukoni kuhakikisha bisibisi ipo, akachukua begi, akatangulia mbele.